Majibu ya Kikopo cha Arobaini na Moja

Orodha ilikuwa na watu arobaini, lakini vikopo vilikuwa arobaini na kimoja.

Prudencia Rwehumbiza alivihesabu mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa ameketi, na mara ya tatu kwa kidole, akigusa kizibo kimoja kimoja. Hesabu haikubadilika. Vilikuwa vikopo vya plastiki vya kuwekea mkojo, vile vile vya siku zote, na vilikuwa vimefika asubuhi hiyo ya Alhamisi ndani ya boksi la barafu kutoka Nyabusaka, mwalo wa wavuvi ng'ambo ya ghuba. Arobaini vilikuwa na lebo zenye jina, umri na namba. Kimoja hakikuwa na hata alama ya kalamu.

"Projest," aliita. "Hiki ni cha nani?"

Projest, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, baba wa watoto wanne, ndiye aliyekuwa akizunguka vijijini kukusanya sampuli. Alichungulia mlangoni, bado amevaa buti zenye matope.

"Si vyote vina majina?"

"Hiki hakina."

Alikitazama kile kikopo kwa muda mrefu. "Basi nitakuwa nimechanganya," alisema, akaondoka bila kueleza amechanganya nini.

Maabara yao ilikuwa nyumba ya kupanga huko Ilemela, imeegemea miamba, na ziwa lilionekana kutoka dirisha la jikoni. Walikuwa watatu tu: Prudencia aliyepima, Projest aliyekusanya, na Daktari Zadok Ogweno mwenye maabara, Mjaluo wa Rorya, mtu wa maneno machache aliyeamini kile tu kinachoweza kuandikwa. Kazi waliyopewa mwezi ule haikuwa ya kufurahisha. Juu ya mwalo wa Nyabusaka kulikuwa na karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na maji machafu ya kuoshea yalishuka moja kwa moja ziwani. Watoto wa pale walikuwa wakilia matumbo, mimba za wanawake zilikuwa zikitoka, na wenyeji walitaka kujua kama wameingiwa na madini ya risasi.

Upimaji wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Mtu mwenye risasi mwilini hutoa kitu fulani katika mkojo, na kitu hicho kikimulikwa kwa mwanga wa zambarau hujibu kwa kung'aa wekundu. Sumu ikiwa nyingi, wekundu ni mwingi. Mashine huupima ule mng'ao na kutoa namba. Lakini mng'ao ni kitu dhaifu, mwanga wa jua huufunika, kwa hiyo chumba cha mashine kilizibwa dirisha na kutundikwa pazia jeusi zito mlangoni. Saa sita mchana, jua likiwa linaunguza miamba nje, ndani ya chumba kile kulikuwa usiku.

Vile arobaini vilijibu kama Prudencia alivyohofia. Kumi na tatu vilikuwa na buluu hafifu ya mkojo wa kawaida. Ishirini na saba vilikuwa na wekundu wa kaa linalozimika. Aliandika namba moja moja, moyo ukimuuma kila alipofika kwenye jina la mtoto. Kisha akachukua kile kisicho na jina.

Kilikuwa baridi. Barafu ilikuwa imeyeyuka tangu asubuhi na vikopo vingine vilikwishapata joto la chumba, lakini hiki kilimuuma vidole kupitia glavu. Alipofungua kizibo hakusikia harufu ya mkojo. Alisikia harufu ya mawe yaliyolowa, ya magugu maji, ya kule chini kabisa ambako nyavu hazifiki. Aliweka kidogo katika kichupa cha kioo, akakitia mashineni, akawasha mwanga.

Kikajibu kijani.

Namba ilipanda, ikapita mia, ikapita elfu, ikafika mwisho wa uwezo wa mashine na kubaki pale ikipepesa. Prudencia akazima mwanga. Hapo ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza, kwa sababu miaka kumi na moja ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mng'ao wa namna hii hauwezi kuishi wenyewe. Ukizima taa, nao unakufa papo hapo. Huu haukufa. Uliendelea kuwaka gizani ndani ya mashine iliyozimwa, na alipoinama kuutazama aliona ukitanuka na kusinyaa, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Ogweno alipoitwa, ulikuwa umezimika. Alinusa kikopo, akakunja pua.

"Sabuni," alisema. "Mtu ameosha hiki kikopo. Sabuni za unga zina dawa ya kung'arisha, zinang'aa kuliko kitu chochote."

"Daktari, sabuni haing'ai taa ikizimwa."

"Macho yako yamechoka. Una mtoto mchanga nyumbani, hulali." Hakusema kwa ubaya. "Haina jina, hatuwezi kuiandika popote. Mwaga."

Prudencia akamwaga kwenye sinki. Sinki likagugumia, funda moja refu, kama mtu aliyetoka safari ya mbali na kiu yake.

*

Prudencia alikuwa na binti wa miezi minane, Sharon. Mumewe alifanya kazi Chato na kurudi mara moja kwa mwezi, hivyo mama yake mzazi, Bernadetta, alikuwa ametoka Muleba kuja kumlea mjukuu kwenye nyumba yao ya Mkolani. Kila mchana Prudencia alijifungia jikoni pale maabara, akakamua maziwa yake, akayatia kwenye chupa na kuyaweka katika friji ndogo ya chai. Jioni aliyabeba nyumbani, na kesho yake bibi alimpa mtoto.

Ijumaa, kabla ya kuanza kazi, alitia maji safi mashineni ili kuirudisha kwenye sifuri, kama alivyofanya kila siku. Maji safi hayana kitu, hayang'ai. Mashine ikasoma kumi na mbili. Akafungua chupa mpya ya maji. Jumamosi yakasoma arobaini. Jumatatu asubuhi yalisoma mia mbili na sitini, na alipoyatoa na kuyaweka kiganjani gizani yalikuwa na kijani cha mbali, kama taa inayowashwa chini ya maji mengi.

Mabomba yote yalikuwa yamefungwa, lakini matone yalisikika. Tone moja, kisha kimya cha kutosha kumfanya mtu asahau, kisha jingine. Harufu ya mawe yaliyolowa ilikaa koridoni hata baada ya kupigwa deki kwa dawa. Na Projest alikuwa akinywa maji. Alianza na chupa moja mezani, zikawa nne, kisha akaanza kunywa kwa jagi.

"Projest, wewe utapasuka," Prudencia alimwambia Jumatatu ile.

"Sijaenda chooni tangu Ijumaa," alijibu kwa sauti ya chini. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na pembeni mwa macho ngozi ilikuwa imejikunja kama ya mzee. "Nakunywa, dada. Lakini siyo mimi ninayeshiba."

Siku hiyo hiyo, saa saba mchana, Prudencia alikuwa peke yake mbele ya mashine, mgongo wake umeelekea pazia, anaandika, aliposikia nyayo koridoni, si za viatu bali za miguu mitupu iliyolowa, zikibanduka sakafuni moja baada ya nyingine bila haraka, zikapita mlango wa ofisi ya daktari, zikapita jikoni, zikaja hadi upande wa pili wa lile pazia na kusimama, na pazia ambalo halikuwahi kutikisika kwa upepo wowote likavutika ndani kidogo na kutoka nje kidogo, ndani na nje, kwa pumzi ya mtu aliyesimama karibu mno, na Prudencia akashindwa kugeuka, akashindwa hata kuinua kalamu karatasini, hadi sauti ya kike, yenye mwangwi kana kwamba inatoka ndani ya mtungi, iliposema kwa adabu:

"Samahani. Majibu yangu tayari?"

Baada ya muda pumzi ikakoma. Alipopata nguvu ya kufungua pazia hakukuwa na mtu, ila sakafuni zilikuwepo alama za nyayo, nyembamba, vidole vimetengana. Zote zilikuwa za kuja. Hakukuwa na za kurudi.

*

"Niambie," Prudencia alimbana Projest pale nje, kwenye kivuli cha mwamba. "Kile kikopo. Usiniambie umechanganya."

Projest aliangalia ziwa, akageuza uso haraka.

"Nilimaliza watu arobaini," alisema. "Nimeshafunga boksi. Nikamwona mwanamke amesimama mwisho wa foleni, na foleni yenyewe haipo tena. Kanga zinachuruzika. Hapakuwa na mvua, dada Prudencia, na wala hakuwa na ndoo. Akaniuliza, mnapima nini? Nikamwambia, tunapima kilichomo mwilini mwa mtu. Akasema, nami nataka kujua kilichomo mwilini mwangu, maana naumwa."

"Ukampa kikopo."

"Nilimpa. Nikamwuliza jina. Akataja. Nikaweka kalamu kwenye lebo, jina likatoka kichwani. Nikamwuliza tena, akataja, likatoka tena. Mara tatu. Nikaona aibu, nikaacha." Alimeza mate ambayo hayakuwepo. "Kisha nikamwambia kama nilivyowaambia wote. Majibu baada ya siku saba, kila mtu atapewa yake mkononi."

Prudencia alihesabu. Alhamisi hadi Alhamisi. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Kesho yake Projest hakufika kazini. Mkewe alipiga simu akilia: ameanguka bafuni, amekimbizwa hospitali, wamemtundikia dripu nne na hakuna hata tone lililomtoka, na mwili unazidi kukauka. Ogweno alikwenda kumwona. Aliporudi alikaa ofisini bila kuwasha taa.

"Figo zake ni nzima," alisema. "Moyo ni mzima. Maji yanaingia, sioni yanakokwenda." Alitaka kuendelea, mdomo ukabaki wazi. Alijishika koo. Ulimi wake ulikuwa umekauka katikati ya sentensi, mweupe kama chokaa, na ikabidi Prudencia amnyweshe maji kwa kijiko kama mtoto ndipo sauti ikarudi. Hawakuzungumza tena juu ya sabuni.

Jioni ya siku hiyo, Mkolani, Bernadetta alimpokea binti yake mlangoni kabla hajavua viatu.

"Huyu mtoto analia bila machozi," alisema. "Tangu jana. Na ukimpa ziwa analikataa, anataka ya chupa tu. Akishashiba ananyamaza, anaangalia pale kwenye kona na kucheka. Nimenyunyiza maji ya baraka. Chupa niliijaza Jumapili kanisani, leo nimeikuta kavu kabisa, na kizibo kimefungwa."

Prudencia alimchukua Sharon. Alikuwa mwepesi. Alinuka mawe.

Alikaa macho hadi alfajiri, na asubuhi alipofika maabara hakuvua hata mkoba. Alienda moja kwa moja kwenye friji ya chai, akachukua chupa ya maziwa aliyoisahau juzi, akaingia nyuma ya pazia, akatia matone machache kwenye kichupa na kuwasha mwanga. Maziwa ya mama hung'aa buluu, ya upole, alilijua hilo. Haya yalikuwa kijani mpaka kuta za chumba zikaonekana. Alizima mwanga, na kijani kikabaki, kikipanda na kushuka kwa pumzi ile ile aliyoiona siku ya kwanza. Mikono yake ilitafuta simu.

"Mama! Usimpe mtoto maziwa ya chupa!"

"Mama wee! Ndiyo kwanza ameyamaliza," Bernadetta alijibu. "Kuna nini, mwanangu? Prudencia? Kuna nini?"

*

Mke wa Projest ndiye aliyemtajia Mzee Luhende. Hakuwa mganga wa vibuyu na manyoya. Alikuwa fundi cherehani wa Mabatini, mwenye kibanda katikati ya maduka ya nguo, na watu waliomjua kwa kazi ile nyingine walikuja na suruali ya kupunguzwa ili majirani wasiulize. Prudencia alikwenda na gauni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hilo gauni liweke, halina tatizo lolote."

Alimsikiliza huku akiendelea kushona, mguu ukikanyaga polepole. Prudencia alipofika kwenye habari ya kumwaga, mguu ukasimama.

"Mlimmwaga?"

"Tulijua ni sabuni."

"Yule alileta kitu cha mwilini mwake akakiweka mikononi mwenu. Mkamwambia siku saba. Kisha mkamtupa shimoni." Luhende alivua miwani. "Hayo majini ya ziwani siyo yote yana shari. Huyu alikuja kama mgonjwa. Sasa hana pa kukaa, sehemu yake imo kwenye mabomba yenu, na anatafuta maji mengine ya kukaa ndani yake. Ya yule ndugu. Ya daktari wako. Ya kwako."

"Nifanye nini? Naomba umfukuze, mzee. Nakuomba. Ni mtoto wa miezi minane."

"Nikimfukuza atatoka na maji aliyomo. Umenielewa?" Alimwacha aelewe. "Mimi siwezi kumpa anachokitaka. Anataka majibu. Nani alimpima?"

"Mimi."

"Basi mpe majibu. Ya kweli. Ukimdanganya atajua, yeye anaumwa na maumivu anayajua. Kesho ni siku ya saba?"

"Kesho."

"Ataingia mchana, kama mgonjwa yeyote. Umpokee."

*

Alhamisi Ogweno aliketi ofisini, mlango wazi, jagi la maji mbele yake. Alijitolea kukaa naye ndani, Prudencia akakataa. Bernadetta alikuwa Mkolani na Sharon mapajani, mtoto ambaye tangu alfajiri hakulia tena wala kucheka, midomo imemkauka, macho yamezama.

Saa tano Prudencia alianza kupima. Sampuli ya yule mwanamke haikuwepo tena, lakini yeye mwenyewe alikuwepo ndani ya maziwa, kwa hiyo alikamua maziwa na kuyatia mashineni, na safari hii hakukitazama kile kijani. Aliiamuru mashine ikivuke, itafute rangi moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunua shuka juu ya shuka. Buluu, ya maziwa. Manjano, hakuna. Na chini kabisa, nyuma ya ule mwanga mkali uliokuwa umemtia hofu kiasi cha kushindwa kutazama zaidi, akaukuta wekundu. Ulikuwa wekundu ule ule wa watoto wa Nyabusaka, lakini haukuwa wa kaa linalozimika. Ulikuwa tanuri.

Akaandika namba.

Nyayo zilikuja saa sita na nusu. Zilipita ofisini kwa daktari, na Prudencia alisikia jagi likianguka na kuvunjika, na hakusikia maji yakimwagika. Pazia likafunguka. Baridi ikaingia kwanza, kisha harufu, nzito, ya matope yasiyowahi kuona jua, na kiti cha wagonjwa kikalia kwa uzito wa mtu anayekaa. Prudencia aliona kanga, mikunjo yake ikichuruzika bila kukoma na sakafu ikiendelea kuwa kavu. Aliona viganja viwili vimewekwa juu ya magoti kwa utulivu, vyenye kijani hafifu ndani ya ngozi. Uso hakuutazama.

"Nimekuja kuchukua majibu yangu."

"Karibu," alisema Prudencia. "Umeingiwa na madini ya risasi. Ni mengi. Katika watu wote niliowapima, wewe ndiye mwenye mengi zaidi."

Matone yaliyokuwa yakisikika nyumba nzima kwa wiki nzima yalikoma yote kwa pamoja.

"Ndiyo yanayouma?"

"Ndiyo."

"Ndiyo yaliyoua wanangu?"

Prudencia hakuwa amejua kwamba majini wana watoto. Alifikiria zile mimba za Nyabusaka. "Inawezekana," alisema. "Huwa yanafanya hivyo."

"Nani ameniwekea?"

Swali lile hakuwa amelitegemea, na alipolisikia alijua kwamba limebeba kila kitu, kwamba jibu lake litatoka kwenye chumba hiki kwa miguu iliyolowa na kwenda mahali fulani kumkuta mtu fulani, mtu mwenye nyumba na wake na watoto, na kwamba akikaa kimya mgeni huyu hataondoka, ataendelea kukaa katika maji yaliyo karibu, na maji yaliyo karibu zaidi yalikuwa mapajani mwa bibi huko Mkolani, yanahema kwa shida. Alitafuta uongo. Akamkumbuka Luhende. Alitafuta kunyamaza. Akaona viganja vile vikianza kujikunja polepole.

"Ni karasha," alisema. "Lile la juu ya mwalo. Mwenyewe anaitwa Chenge." Kisha maneno yakamtoka haraka. "Lakini wanaofanya kazi pale hawana hatia, nakuomba. Wanawake wanaobeba mawe, nusu yao wamo kwenye orodha hii, wana sumu kama wewe. Hawana kosa."

"Nimesikia."

"Na mwanangu? Na Projest?"

"Sikuwa na pa kukaa," sauti ilisema, bila hasira, na kwa hiyo ikatisha zaidi. "Mlinimwaga. Sasa nina pa kwenda."

Kiti kikalia tena. Prudencia alisikia akisimama, akasikia pazia likiguswa, na alikuwa ameanza kushukuru mgeni aliposita mlangoni, kama wagonjwa wote wanavyosita, na kuuliza kile ambacho wote huuliza.

"Nirudi lini?"

Na Prudencia, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akijibu swali hilo mara ishirini kwa siku bila kufikiri, akajibu bila kufikiri:

"Baada ya miezi mitatu."

*

Simu ya Bernadetta ilimfikia akiwa bado nyuma ya pazia. Mwanzoni hakusikia maneno, alisikia mtoto akipiga kelele, kelele nzito za hasira, na mama yake akicheka na kulia. "Machozi! Machozi mpaka kifuani, na amenilowesha nguo yote!" Hospitalini, Projest alikojoa mara sita kabla ya jua kuzama, na wauguzi wakampigia makofi.

Habari za Nyabusaka zilifika Ijumaa. Wanawake wabeba mawe walisimulia kwamba saa kumi jioni maji kwenye mabwawa ya kuoshea yalinyamaza, kisha yakaanza kupanda, bila wimbi, bila sauti. Wakakimbia, na hakuna aliyeguswa. Chenge hakukimbia. Alisimama kwenye ukingo ameinamisha kichwa, kama mtu anayeongeleshwa na mtu mfupi. Walimkuta asubuhi chini mwaloni, kwenye mchanga, kati ya dagaa walioanikwa. Waliombeba walisema alikuwa mwepesi kama hao dagaa. Mdomo ulikuwa wazi, na ziwa lilikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwake.

Ogweno hakumwuliza Prudencia alichosema mle ndani. Alichofanya ni kufungua daftari la Nyabusaka na kuongeza mstari wa arobaini na moja kwa mkono wake mwenyewe: mwanamke, jina halikuandikwa, risasi nyingi mno. Akampelekea kila mtu wa kijiji majibu yake, pamoja na barua ya kuomba karasha lifungwe.

Karasha lilikaa kimya wiki tano. Kisha ndugu wawili wa Chenge wakaliwasha tena, na mfanyabiashara mwingine akafunga la kwake juu zaidi, palipo na mteremko mkali. Prudencia alivuka ghuba mara mbili kwenda kuwasihi. Mara ya kwanza walimkaribisha soda. Mara ya pili walimcheka hadharani. Wiki iliyopita Projest, ambaye sasa hakubali kukusanya sampuli peke yake, alileta vikopo vingine arobaini. Wekundu ulikuwa katika thelathini na vitatu.

Prudencia alitaka kuacha kazi. Alimweleza Mzee Luhende, na fundi akatikisa kichwa bila kuacha kushona. "Mgonjwa asipomkuta mpimaji kazini, atamfuata nyumbani," alisema. Kwa hiyo alimwachisha Sharon ziwa, akampeleka pamoja na bibi yake Karagwe kwa shangazi, juu milimani, mbali na ziwa, akabaki.

Leo ni Alhamisi, na miezi mitatu imetimia. Ogweno amejifungia ofisini. Prudencia amevaa koti lake jeupe, ameshusha pazia, ameweka kiti sawa. Alikuwa ameapa mbele ya padri kwamba hatataja tena jina la mtu ndani ya chumba kile, liwalo na liwe. Lakini asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, aliketi kitandani akaandika majina matatu kwenye kipande cha karatasi, akakikunja na kukitia mfukoni, na tangu hapo mkono wake haujatoka humo.

Saa sita na nusu, koridoni, miguu iliyolowa ilianza kubanduka sakafuni. Safari hii ilikuwa mingi. Kulikuwa na ya mtu mzima mbele, na nyuma yake midogo, myepesi myepesi, ya kukimbilia, kama ya watoto walioletwa kupimwa.

Prudencia akasimama, kama anavyosimama kwa kila mgonjwa.

"Karibuni ndani," alisema.